Bi Kuruthumu na Wanyama Wenye Namba

Ujiji nzima walimwita Bi Kuruthumu "Bi Masikio", lakini jina hilo lilitembea nyuma ya mgongo wake tu. Mbele yake watu walisema, "Shikamoo, Bi Kuruthumu," wakasogeza kofia au mtandio, wakahakikisha masikio yote mawili yako nje, ndipo wakaendelea na safari yao.

Alikuwa mpiga picha. Kamera aliachiwa na marehemu mume wake, kamera ya Kirusi nzito kama jiwe la kusagia, na kazi aliipata kwa sababu ambayo kila mama wa Ujiji aliielewa: bibi harusi akishatolewa ushungi ndani, akapakwa hina na piko, hakuna mwanamume wa kuingia pale na kamera. Aliingia yeye. Alipiga, akarudi nyumbani, akaosha filamu mwenyewe kwenye stoo aliyoziba dirisha kwa blanketi, akachapa picha mwenyewe, akazipeleka kwa wenyewe ndani ya bahasha. Miaka kumi na minane alifanya hivyo, na picha zilikuwa nzuri. Bibi harusi wake walionekana kama watu wenye neno la kusema ila wanaona haya.

Kisha vikaja vita vya majirani, na watu wakaanza kuvuka. Wengine walikuja kwa ziwa, wengine kwa miguu, magodoro vichwani. Kambi zikafunguliwa huko bara, na kambi zikataka picha za vitambulisho. Wenye kamera walitafutwa mji mzima, na Bi Kuruthumu akapanda lori, akapita Kidahwe na vumbi lake, akaenda kupiga picha miaka mitatu.

Kule sheria zilikuwa nne. Mtu atazame mbele. Masikio mawili yaonekane. Asicheke. Ashike kibao kifuani chenye jina na namba kwa chaki. Basi. Ilikuwa ni mtu baada ya mtu, kutoka asubuhi mpaka jua linaelekea ziwani. "Kidevu juu! Masikio! Kibao kisilale! Tayari. Anayefuata!" Siku moja alipiga watu mia mbili na kumi. Jioni alipokuwa anawafungia bandani kuku aliowafuga huko, alimwambia jogoo, "Anayefuata!" na jogoo akaingia.

Mwishowe kambi ilipata mashine yake, Bi Kuruthumu akashukuriwa, akarudi Ujiji na kamera yake. Yeye alirudi, lakini kambi haikumtoka.

Wa kwanza kugundua alikuwa Haruna muuza dagaa. Alipigwa picha ya kumtumia mchumba wake Tabora, shati limenyooshwa, nywele zimepakwa mafuta. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, mstari mmoja: "Haruna, umefungwa kwa kosa gani?" Haruna aliibeba barua ile akaizungusha soko zima, na soko likacheka mpaka wauza ndizi wakakaa chini. Baada yake walikuja wengine. Familia ya watu tisa ilisimama mstari mmoja kama wanasubiri kupimwa uzito. Mtoto wa siku arobaini alipigwa amekodoa macho, kofia yake ya sufu imesukumwa nyuma ili masikio yaonekane. Bibi harusi mmoja alifokewa "Usicheke!" siku ya furaha yake, akatii, na picha ikatoka kama ya mtu anayeozwa kwa lazima. Mama yake alikuja kuuliza kama inaweza kufutwa.

Bi Kuruthumu aliyasikia yote hayo. Alijibu kwamba watu wa siku hizi hawajui kutulia. Lakini akiwa peke yake stooni, picha zikining'inia kwenye kamba, aliziangalia, na mwenyewe akaona kwamba zile sura zote zilikuwa zinaogopa. Hakujua afanyeje. Akishika kamera tu, mdomo ulifunguka wenyewe.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mwaka ule mvua zilipokata reli. Mwaka huo ndipo Hasna alipochumbiwa.

Hasna alikuwa mtoto wa kaka yake, na kaka alikufa mtoto akiwa na miaka sita. Bi Kuruthumu alimlea kama aliyemzaa. Alimfunza kusoma juzuu, kupika, na kutikisa bakuli la dawa ya kuoshea picha bila kumwaga tone. Tangu Hasna ana miaka saba, Bi Kuruthumu alijua kitu kimoja: siku mtoto huyu akiolewa, picha atazipiga yeye. Filamu moja aliitunza kwa kazi hiyo tu, ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda.

Jumanne, wiki moja na siku tano kabla ya harusi, Bi Yusra mama wa bwana harusi alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ndogo, na hao ndio wa kuogopwa.

"Bi Kuruthumu, sikuja kwa ugomvi," alisema akishaketi. "Nimekuja kwa wema."

Mtu akianza hivyo, ujue kuna jambo limefungwa kwenye pindo la kanga.

"Karibu kwa wema," alisema Bi Kuruthumu.

"Ni kuhusu picha. Nimezungumza na Martini, yule wa Gungu. Ana kamera ya rangi, ina taa yake."

"Martini ni mwanamume."

"Atasimama mlangoni. Atainamisha macho."

"Atainamisha macho, apige nini? Miguu?"

Nyuma ya pazia Hasna aliziba mdomo kwa kiganja. Bi Yusra hakucheka. Alinyoosha mikono yake magotini.

"Dada yangu, nisamehe. Picha zako zamani nilizipenda. Yangu mimi ulinipiga wewe. Lakini za siku hizi, mtu akizitazama anaona watu wanaosubiri mgao wa mahindi. Mwanangu haoi mara mbili, akipenda Mungu. Sitaki wajukuu waniulize, 'Bibi, mama alikuwa analia nini?'"

Hilo la "yangu ulinipiga wewe" ndilo lililomkata Bi Kuruthumu.

"Nikuambie," Bi Yusra aliendelea, akiwa keshaona amegusa kidonda. "Niletee picha moja. Moja tu, ya kiumbe aliyetulia. Iwe mpya, si za zamani. Ifike Ijumaa baada ya sala. Nikiiona, Martini nitamwambia basi."

Alipoondoka, Hasna alitoka nyuma ya pazia, akakaa mkekani karibu na miguu ya shangazi yake.

"Shangazi, mimi nakutaka wewe. Hata nikitoka kama mfungwa."

"Nyamaza wewe."

"Kweli. Nitawaambia wanangu nilikuwa nimefungwa, nikatoka kwa msamaha wa sikukuu."

"Hasna!"

"Lakini Mzee Bonaventura si alituma mtu? Anataka wanyama wake wapigwe picha. Nenda ukapige wanyama, Shangazi. Mnyama hajui kuogopa kamera. Atatulia mwenyewe."

Bi Kuruthumu aliona lile lina akili. Hasna akili zake alizichukua kwa shangazi, kama Bi Kuruthumu mwenyewe alivyopenda kusema.

Mzee Bonaventura alikuwa karani wa bandari aliyestaafu. Bustani yake ya wanyama ilikuwa kwenye kilima kupita Katonga, seng'enge mbele, ziwa nyuma, na harufu ya dagaa wanaoanikwa ikipanda kutoka chini mchana kutwa. Wanyama walikuwa wanane. Kulikuwa na pundamilia wawili, Kulwa na Doto. Kulikuwa na mamba, nungunungu wawili, korongo wa mguu mmoja aliyenasuliwa kwenye nyavu, na nyani aliyeitwa Karani kwa sababu alipenda kuchana karatasi. Wa mwisho alikuwa kobe. Jina lake lilikuwa Treni, na watu wa Kigoma hawakuhitaji kuelezwa kwa nini. Mzee alitaka picha ya kila mmoja abandike langoni, ili wageni wajue ndani kuna nani kabla hawajalalamika kwamba simba hayupo.

Jumatano asubuhi Bi Kuruthumu alifika na kamera shingoni na mkoba begani. Aliyempokea alikuwa Verediana, binti wa miaka ishirini hivi, Mrundi, aliyewalisha wanyama wale. Mzee alimwombea kambini karatasi ya ruhusa kwa kuwa aliona hakuna mwingine ambaye nyani anamsikiliza. Verediana alikuwa mwembamba, mtandio umefungwa mpaka kwenye nyusi, na alipomwona Bi Kuruthumu alisimama ghafla, mikono ubavuni, wima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umesimama kama askari? Tuanze na hawa wenye mistari."

Walianza vizuri. Ziwa lilikuwa linang'aa nyuma, Kulwa anakula majani, Doto anajikuna kwenye mti. Bi Kuruthumu aliinua kamera. Kisha wazo likamjia, nalo lilikuwa wazo la maana kabisa: nikishaosha filamu, nitajuaje huyu ni Kulwa na huyu ni Doto?

Akatia mkono mkobani, akatoa kibao.

"Kiegemeze hapo mbele ya miguu yake," alimwambia Verediana, akiandika kwa chaki: KULWA, 1. "Sasa mwite atazame huku. Mbele, mbele! Kidevu... ah, kichwa juu! Masikio! Hilo la kushoto limelala. Tayari. Anayefuata!"

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumzuia, na yeye mwenyewe hakujua kwamba kuna cha kuzuiwa. Doto alipigwa, namba mbili. Korongo alipigwa, namba tatu, akatakiwa asimame kwa mguu ulionyooka. Nungunungu walitenganishwa maana hairuhusiwi watu wawili kwenye picha moja. Kobe Treni aliingiza kichwa ndani alipoona kibao, na Bi Kuruthumu akasubiri. Alisubiri mpaka wavuvi wa Katonga wakamaliza kugawana samaki chini kule, na kichwa kilipotoka alikuwa bado amepiga goti, jicho kwenye kamera. "Umeona?" alisema. "Mimi huwa sishindwi na mtu."

Kwa mamba, kibao kilisukumwa na mti mrefu. Bi Kuruthumu alimkagua mamba kupitia ukuta mfupi, akamkagua tena.

"Masikio yake yako wapi?"

"Anayo, mama, ila ameyafunika," alisema Verediana.

"Mwambie ayafunue."

Verediana alimtazama mamba, akamtazama Bi Kuruthumu. "Mwambie wewe, mama," alisema kwa heshima zote.

Nyani Karani alikula chaki, akalamba jina lake kwenye kibao mara mbili, mara ya tatu akakishika kibao kifuani vizuri kuliko binadamu wengi. Bi Kuruthumu alifurahi sana. Alirudi Ujiji akiwa amekaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, akimwambia mwenye baiskeli kwamba kazi imekwenda kama maji.

Alfajiri ya Alhamisi aliosha, akachapa. Karatasi za kuchapia zilikuwa zimebaki tisa, na nyingine zilikuwa kwenye behewa lililokwama kusikojulikana kwa ajili ya mvua. Alitumia nane. Zilipokauka alizitia kwenye bahasha bila kuziangalia sana, maana mwenye haraka haangalii, akarudi Katonga.

Mzee Bonaventura alizipanga juu ya meza, moja baada ya nyingine, namba moja mpaka namba nane. Aliweka miwani. Mabega yakaanza kumtikisika. Akavua miwani, akafuta macho, akaivaa tena.

"Bi Kuruthumu," alisema kwa shida, "huyu mamba wangu anaomba nini? Blanketi? Na huyu nyani, amesajiliwa kambi gani? Mungu wangu! Treni naye kapata namba, sasa atapewa mahindi!"

Alicheka mpaka akakohoa. Hapo ndipo alipoinua macho akamwona Verediana amesimama mlangoni na ndoo ya maganda ya ndizi, amezitazama picha zile juu ya meza. Kicheko cha mzee kilikatika kama uzi. Aliziacha picha mezani, akasema kitu kuhusu maji ya mamba, akatoka nje na miwani yake mkononi.

Bi Kuruthumu alibaki na Verediana. Sasa ndipo alipoziona. Wanyama wanane walikuwa wamesimama mbele ya kibao, wamekodoa macho. Alitafuta moja iliyotulia, moja tu ya kumpelekea Bi Yusra, na haikuwapo. Hata kobe alikuwa anaogopa.

"Mimi ninayo kama hiyo," Verediana alisema taratibu. "Ulinipiga wewe, mama. Hunikumbuki?"

"Mwanangu, nilipiga watu wengi."

"Ego, ndiyo, wengi. Sisi tunakukumbuka." Aliweka ndoo chini. "Nyingine anayo mama yangu kule kambini. Kila akiitazama analia. Ananiuliza, mwanangu, siku ile ulikuwa unaogopa nini? Anafikiri ni vita."

"Na ulikuwa unaogopa nini?"

"Wewe. Ulikuwa unanifokea masikio."

Bi Kuruthumu alikaa kwenye kiti cha mzee. Alijisikia kama amevuliwa kanga sokoni.

"Na sasa umetupiga sawasawa," Verediana aliongeza, na pembeni ya mdomo wake kulikuwa na kitu kidogo kama mzaha, au pengine si mzaha. "Mimi na Karani. Ila yeye kashika kibao vizuri zaidi."

"Nisamehe, mwanangu," alisema Bi Kuruthumu. Halafu, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuomba msamaha zaidi ya kazi yake, alisema, "Nikupige nyingine? Bila kibao. Umtumie mama yako."

Verediana alifikiri. "Lori la mahindi linapita kesho kabla ya sala. Dereva ni Leonardi, yeye anaweza kuibeba."

"Kesho itakuwa tayari."

Ahadi hiyo ilimtoka kabla hajakumbuka kwamba kesho ni Ijumaa, na nyumbani amebakiwa na karatasi moja. Halafu akajituliza: picha ya Verediana ikitoka vizuri, si ndiyo hiyo hiyo atakayoiona Bi Yusra? Aipitishe kwake kwanza, halafu kwenye lori. Lori lingemsubiri.

Alitia filamu mpya kwenye kamera. Ilikuwa ile ya kopo la maziwa, aliyoitia mkobani asubuhi kwa kuwa hakuwa na nyingine. Verediana akaenda kusimama mbele ya seng'enge. Aliweka mikono ubavuni, akainua kidevu, akasukuma mtandio nyuma, masikio mawili yakatoka nje.

"Siyo hivyo," alisema Bi Kuruthumu.

"Vipi basi?"

Bi Kuruthumu alishusha kamera. "Sijui," alisema. "Shusha... hapana. Tazama... hapana." Alijiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, na Verediana akaona, akainamisha uso ili asimcheke mtu mzima.

"Fanya kazi zako," Bi Kuruthumu alisema mwishowe kupitia vidole. "Mimi nitakaa hapa. Usinijali."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikaa muda mrefu. Verediana alifagia kwa Kulwa na Doto, na mwanzoni alifagia kama mtu anayepigwa picha, kiuno kimenyooka. Akamwagia mamba maji. Alipopita aliulizwa mama yake anaitwa nani, akasema ni Eufrasia, na kwamba hana meno mawili ya mbele lakini anacheka kuliko wote kambini. Akaulizwa kama ana mchumba. "Oya!" alikataa kwa Kirundi, na Bi Kuruthumu akasema hiyo "oya" imetoka haraka mno. Wakaanza kutaniana. Bi Kuruthumu alieleza habari za Haruna na barua ya Tabora, akajisema yeye mwenyewe bila kujificha, na alipofika kwa jogoo aliyeingia bandani kwa kuitwa "anayefuata", Verediana aliegemea ufagio.

Mara nyani Karani akapenyeza mkono katikati ya vyuma, akakamata pindo la mtandio wa Verediana, akavuta. Verediana akavuta huku. "Genda, nenda zako, we mwizi!" alipiga kelele, mtandio umemteremka upande mmoja, umefunika jicho na shavu, na kicheko alichokuwa nacho kwa ajili ya jogoo bado kiko mdomoni, hakijapata nafasi ya kutoka. Nyani naye alikuwa amekaza macho, amekunja midomo, kama karani wa kweli anayedai risiti.

Kamera ililia mara moja. Bi Kuruthumu alikuwa amejiziba tena mdomo kwa mkono wa kushoto. Alisubiri ajisikie akisema "Anayefuata". Hakusema.

Ijumaa asubuhi aliichapa kwenye karatasi ile ya mwisho. Uso ulipoanza kupanda ndani ya bakuli la dawa, kwanza nyusi, kisha meno, Hasna aliyekuwa anatikisa bakuli alisema, "Shangazi, huyu atazungumza sasa hivi."

"Tikisa, usimwage."

Mpango ulikuwa mzuri. Kwa Bi Yusra kwanza, kwenye lori baadaye. Lakini picha ilichelewa kukauka kwa sababu ya mvua, na alipofika barabarani lori lilikuwa limeshapakia, Leonardi yuko kwenye usukani, Verediana amesimama kwenye tope anamtafuta kwa macho.

"Bibi, mimi sisubiri picha," Leonardi alisema. "Mvua ikinikuta milimani nalala njiani. Leta au baki nayo."

Bi Kuruthumu alishika bahasha. Kwa Bi Yusra ni mwendo wa robo saa kwenda, robo saa kurudi. Alimwona Verediana anatazama bahasha, wala haombi, kwa kuwa alishazoea kusubiri vitu ambavyo havifiki. Akaifungua amwonyeshe. Verediana aliitazama, akaitazama tena, akaweka kidole juu ya nyani, kisha juu ya mdomo wake mwenyewe kwenye picha.

"Mama atacheka," alisema. "Atawaonyesha wote."

"Basi chukua, Leonardi," alisema Bi Kuruthumu. "Ukiikunja nitakutafuta." Lori likaondoka na karatasi ya mwisho ya Ujiji.

Baada ya sala alikwenda kwa Bi Yusra mikono mitupu, isipokuwa kipande cha filamu ndani ya leso. Bi Yusra alikipokea, akakiinua dirishani kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Bismillahi! Nini hiki? Uso kama unga... nywele nyeupe. Meno meusi. Bi Kuruthumu, umenipigia jini?"

"Hiyo ni picha kabla haijawa picha. Cheupe ni cheusi, cheusi ni cheupe."

"Na yenyewe iko wapi?"

"Imepanda lori." Akamweleza yote, kuanzia kibao mpaka Leonardi, bila kujipamba. Hata la masikio ya mamba hakuliacha.

Bi Yusra alishusha kipande kile. "Ulijua leo ndiyo Ijumaa. Ulikuwa na karatasi moja. Ukampa yule binti?"

"Ilikuwa yake."

Jikoni mtu alikuwa anatwanga iliki, naye akaacha.

"Binti wa dada yangu alipigwa picha na Martini sikukuu iliyopita," Bi Yusra alisema baadaye, kwa ile sauti yake ndogo. "Juzi nimepita Gungu. Picha iko kwenye kioo cha duka, kubwa kama sinia, kichwa wazi, na wanaume wanakunywa kahawa mbele yake. Nikamuuliza Martini. Akasema ni tangazo. Nikajiambia, kwa Hasna nitamwomba asifanye hivyo. Tangu siku hiyo silali vizuri." Alimtazama mgeni wake. "Za Hasna utaoshea wapi?"

"Stooni kwangu."

"Anaingia nani humo?"

"Mimi na giza."

"Na za rangi?"

"Za rangi zinapanda treni mpaka Dar. Zinaoshwa na vijana nisiowajua."

"Na treni haiji."

"Na treni haiji."

"Basi ziwe nyeusi na nyeupe," alisema Bi Yusra. "Mama zetu walikuwa weusi na weupe, na waliolewa. Karatasi utapata?"

"Nitaazima kwa Wahindi mjini. Nikikosa, wanaharusi watasubiri treni kama watu wote."

"Na kufoka?"

Bi Kuruthumu alitaka kuahidi, lakini alijijua. "Nitakuja mapema, Bi Yusra. Nitakaa na wanawake, nisishike kamera mpaka mnisahau. Ukinisikia nafoka, nizibe mdomo kwa chochote kilicho karibu."

"Sambusa zitakuwepo," alisema Bi Yusra.

Alikuwa amekirudisha kipande cha filamu kwenye mwanga, anakigeuza huku na huku, kichwa amekipinda. "Hebu ngoja," alisema. "Huyu mwenye mkono mrefu... ndiye nyani? Anavuta nini? Anavuta mtandio! Ha! Na huyu binti hataki kumwachia!" Akaanza kucheka, mwili mzima, mpaka kipande kikamtikisika vidoleni. Bi Kuruthumu akanyoosha kiganja, akasubiri arudishiwe, maana hicho nacho kilikuwa cha Verediana.